Kugawanya kwa Sufuri

Shivachi alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na laptop Kawangware, upande wa Riruta. Fundi mzuri. Lakini kulikuwa na kosa moja alilolijua na hakutaka kulirekebisha.

Kosa lenyewe lilikuwa kwenye kazi aliyoiandika na Batul. Mtandaoni kuna programu inayoandikwa na watu wengi kwa kujitolea, inayoigiza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ili anayejifunza aone hesabu zikipita ndani. Ilijua kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Kugawanya haikujua. Hao wawili wakasema wataifundisha. Batul alikuwa akiuza mitumba na mamake Soko la Toi, na siku biashara ikilala anapanda kuja Kawangware na laptop yake mgongoni. Wakaandika mpaka wakapendana, ama walianza kupendana kwanza, hata wao hawakumbuki.

Kisha Shivachi akaenda Kibera kujitambulisha kwa baba yake Batul, Mzee Fadul. Mzee alimkaribisha vizuri, akamwekea chai na mandazi, akamwambia pole pole kwamba yeye ni kijana mzuri, lakini dini yao si moja na msichana ashaposwa na Umar, mtoto wa shangazi yake. Angefukuzwa kwa kelele ingekuwa afadhali. Batul naye akamwahidi babake kwamba hatampigia Shivachi simu wala kumtumia ujumbe.

Lakini ukurasa wa mtandaoni ambapo kazi yao ilikuwa ikikaguliwa, hakuna aliyeutaja.

Maana kazi ya namna hiyo haipokelewi hivi hivi. Mkaguzi, mama mmoja anayeitwa Eddah ambaye hawakuwahi kumwona sura, huisoma mstari kwa mstari na kuuliza, nao wenye kazi wanajibu pale pale, mbele ya kila mtu. Eddah akiuliza kwa nini jina fulani ni refu hivyo, Shivachi alijibu, halafu akamuuliza Batul anaonaje, hata kama hakukuwa na haja. Batul alijibu, "Liko sawa. Lakini fupisha." Hayo maneno Shivachi alishinda nayo siku nzima akichomelea nyaya.

Nasike, anayeuza soseji za smokie na mayai ya kuchemsha hapo kando, alimcheka. "Shivachi, hiyo kazi yenu ni kama choo ya kaunti. Kila siku inamaliziwa."

Kosa lilikuwa hili: ukiiambia igawanye kwa sufuri, mashine yao ilikwama. Kulirekebisha ni mistari michache tu. Lakini likiisha, ukurasa unafungwa, na Batul ameisha. Kwa hivyo Eddah alipouliza, alijibu bado anaangalia. Akaulizwa tena, akasema bado anaangalia. Mwishowe Eddah akaandika kwamba lisiporekebishwa kufikia Ijumaa, kazi yote anaitupa.

Ijumaa yenyewe Nasike alitoka Toi na sweta ya mtoto, akasimama mbele ya kibanda bila mzaha.

"Nimeona Batul. Ako na hina mpaka kwa kiwiko. Harusi ni kesho."

Shivachi akafungua laptop. Kosa lilikuwa limesharekebishwa. Batul ndiye aliyelirekebisha, asubuhi hiyo, na chini yake ameandika: "Prosesa halisi tunayoiigiza haikwami ikipewa sufuri. Inaweka hasi moja mahali pa jibu, inaendelea na mstari unaofuata."

Akaangalia majaribio aliyoyaandika Batul ya kupima kama mashine yao inagawanya sawa. La sufuri lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Alikuwa amelizima tu. Muda huo wote Batul alijua kosa lipo, na alikuwa akingoja pamoja naye.

Eddah akauliza: "Shivachi, unakubali?"

Aliandika swali, akalifuta. Akaandika lingine, la kijinga zaidi, akalifuta pia. Kisha akaandika, "Nakubali. Asante, Batul."

Eddah akaipokea, akafunga ukurasa. Pale pa kuandikia pakapotea. Yakabaki majina mawili, lake na la Batul, yamekaa pamoja mahali ambapo hakuna wa kuyatenganisha.

"Sasa imeisha?" Nasike akauliza.

"Imeisha."

Nasike akamenya yai, akalipasua, akaweka kachumbari, akampa. Hakudai kitu. Shivachi alilishika tu, maji ya kachumbari yakimteremka mkononi mpaka kwenye kiwiko, mpaka mteja akaja na redio kifuani.

"Iko na shida gani?" Shivachi akamuuliza.

"Imenyamaza tu."

Akaweka yai chini, akachukua bisibisi.