Sifuri ya Nyumba Kubwa

Fanuel Omuga alirudi kutoka Amerika mwaka wa sitini na nane akiwa na koti zito la baridi, nusu ya digrii, na lugha moja ambayo hapa Homa Bay hakuwa na wa kuizungumza naye. Koti alilivaa hadi kanisani, katika joto hili la ziwa, na waumini wakatokwa na jasho kwa niaba yake. Kwa hiyo digrii simcheki. Ufadhili ulikatika akiwa mwaka wa pili, na mimi diploma yangu imekatika bila hata kuvuka bahari.

Ila ile lugha, jamani.

"Sema kidogo tusikie," vijana walimwomba pale dukani.

"Haisemwi. Inaandikwa."

"Kama ya mabubu?"

"Ya hesabu," akasema Fanuel, akaokota kijiti. "Unaandika kwa mashine kama ya taipu, na waya unakwenda hadi kwenye kompyuta kubwa kama nyumba."

Akachora mchangani safu mbili za nambari, moja juu ya nyingine, na katikati alama ya mara. Alama hiyo moja tu, alieleza, inatosha safu nzima kuzidishwa na safu nzima. Lakini wa kwanza anazidishwa na wa kwanza, wa pili na wa pili, wa tatu na wa tatu. Hakuna anayeingia kwa jirani. Safu moja ikiwa na watu zaidi ya nyingine, mashine inakataa na kukuandikia kosa. Alipofika hapo sauti ilimshuka, kama mtu anayetaja mchumba aliyemwacha ng'ambo. Tulicheka, halafu tukaona haya kwa kucheka.

Maofisi ya mjini yalitaka cheti kizima, kwa hiyo alikaa nyumbani. Baba yake, Mzee Cephas, alikuwa na wake watatu. Monicah ndiye wa kwanza, mwenye nyumba kubwa, yule sisi Wajaluo tunamwita mikayi. Roselyn, wa pili, ndiye aliyemzaa Fanuel. Pauline, wa tatu, alikuwa bado na watoto wadogo wa kubeba mgongoni. Mavuno ya mwaka uliotangulia yalikuwa haba, na maghala yalikuwa matupu hata panya walikuwa wamehamia kwa majirani. Mzee alipoleta gunia la mbegu mpya ya mahindi kutoka Migori, alimkabidhi mwanawe.

"Gawa. Umesomea kugawa."

"Nilisomea kuzidisha, Baba."

"Basi zidisha. Mradi tule."

Fanuel alifurahi hadi akavua koti. Alichukua chaki akaandika kwenye mlango wa ghala. Safu ya kwanza, vipande vya shamba: Monicah vinne, Roselyn vitatu, Pauline viwili. Safu ya pili, makopo ya mbegu kwa kila kipande: mawili kwa Monicah, mawili kwa Roselyn, na matatu kwa Pauline, kwa sababu shamba lake liko karibu na miti na ndege hufukua. Safu ya tatu ndiyo aliyojivunia zaidi: shamba lililolimwa liliandikiwa moja, lisilolimwa sifuri. Kila nambari ikazidishwa na ya chini yake. Roselyn akapata makopo sita. Pauline sita. Shamba la Monicah, lililo bondeni kwenye udongo mweusi, bado lilikuwa na maji na ng'ombe wa kulimia wasingeweza kuingia. Nne mara mbili mara sifuri.

Aliwaza kwamba likikauka wataleta gunia jingine. Aliwaza tu. Kusema hakusema.

Monicah alipita kuchukua kuni, akasimama mbele ya mlango.

"Hili yai chini ya jina langu ni la nini?"

"Ni sifuri, Mama Mkubwa."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kusema hakuna."

"Hakuna mbegu, au hakuna mimi?"

Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Fanuel akaeleza. Alieleza safu zote tatu, kwa kijiti, na Monicah akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu ya kutisha. Kisha akaingia ndani, akafunga kanga zake katika kitambaa, na akasema anakwenda Mbita kumsalimia kaka yake.

Mvua ikaanza kesho yake. Mvua nzuri, ya kupanda. Majirani wote wakainama mashambani, na kwa Mzee Cephas majembe yakabaki yameegemea ukuta.

"Baba, mbegu iko na mvua iko," Fanuel alisema.

"Na mikayi yuko?"

"Lakini sifuri ni yake peke yake! Haigusi ya Mama. Haigusi ya Pauline."

"Mwambie mama yako apande kabla mikayi hajatia mbegu ardhini. Jaribu."

Roselyn alikuwa mlangoni, mikono kifuani. "Usinitazame mimi, Fanuel. Nilete mkosi kwa watoto wa watu sababu ya mahindi?"

Pauline alikuwa akimwonjesha mtoto uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Fanuel alimwona. Akauona na mlango wa ghala, ule uzuri wake wote wa chaki: sita na sita, na hakuna punje iliyokuwa imeingia udongoni. Mvua ikikatika, chakula cha mwaka kimekwenda nayo.

Akapanda baiskeli hadi Mbita, matope hadi magotini. Alimkuta Monicah nyuma ya nyumba ya kaka yake akianika omena, wale dagaa wa ziwani, hana haraka na dunia.

"Wuod Roselyn," alimwita, yaani mtoto wa Roselyn. Siku zote alikuwa akimwita mtoto wangu. "Umekuja kunisomea?"

"Nimekuja kukuchukua, Mama Mkubwa."

"Ile sifuri yangu inazidishwa na ya mama yako?"

"Hapana. Kila mtu na yake."

"Basi rudini mpande. Kila mtu na yake."

Kule Amerika mashine ingekuwa imekwisha kumwandikia Fanuel kosa.

"Hesabu ilikuwa sawa," alisema mwishowe. "Mimi ndiye sikuwa sawa. Nilikuweka pembeni kama mtu ambaye nyumba inaweza kuendelea bila yeye. Haikuendelea hata hatua moja. Baba hata kuketi kwa utulivu hawezi."

Monicah aligeuza omena upande wa pili, wote, taratibu.

"Bondeni mwangu kuna kichuguu kikavu," akasema. "Ng'ombe hawafiki. Utakilima wewe, kwa jembe la mkono. Na hilo koti uliache."

Walirudi pamoja. Fanuel alilima kile kichuguu kabla hajapumzika, kijiji kikimtazama, na tulimpa mawaidha mengi ya bure. Asubuhi iliyofuata, baada ya Mzee kulala nyumba kubwa kama mila inavyotaka, Monicah alitoka na kikapu kitupu. Gunia lilikuwa limekwisha kugawanywa lote. Roselyn akamjazia kopo kutoka kwenye mbegu zake, likafurika. Pauline akamjazia jingine. Fanuel alitaka kusema kitu kuhusu safu, mama yake akamkata jicho.

Monicah akatia mbegu ya kwanza kwenye kichuguu. Roselyn akafuata shambani kwake, kisha Pauline, mtoto mgongoni, na mvua ikawakuta wote wameinama.

Jioni Fanuel alikwenda kwenye mlango wa ghala akafuta ile sifuri kwa kiganja, akaandika moja. Kiganja kilikuwa na malengelenge, moja likapasuka. Monicah alikuwa nyuma yake, akaushika mkono ule, akautazama pande zote mbili.

"Mikono ya karani hii, mtoto wangu," akasema. "Kesho upake mafuta. Bonde likikauka, tutaendelea."