Ubani wa Watu wa Mbali

Jirani wa ghorofa ya chini amefukiza ubani, nami kwa harufu hiyo nimerudi utotoni, ukumbini kwa bibi, Mkunazini, moshi ukitosha kufukuza mbu wa Unguja nzima. Redio, kubwa kuliko mimi, ilikuwa imesema vijana wa nchi ya mbali wamefungwa kwa kudai kura. Bibi akatia ubani chetezoni ili awaombee dua.

"Bibi, hao hata hawatujui."

"Babu yako alipofungwa, nlikaa nikingoja hata mtu mmoja huko nje amuulizie. Hakutokea. Haya, inua mikono."

"Amina" yangu ilisikika hadi Chwaka, upande wa pili wa kisiwa. Kama iliwafikia wale vijana, sijui.

Babu hakurudi. Leo simu inanionyesha vijana wengine, nchi nyingine, wakiburutwa. Chetezo cha bibi ninacho mimi. Nashuka kumgongea jirani, nimuombe kaa la moto.