Kioo cha Pikipiki ya Baba

Julai iliyopita nilishuka Makambako asubuhi, nimejitanda mitandio miwili na bado meno yanagongana. Vijana wa bodaboda wakanizingira kama kawaida yao. Mmoja akasema, "Bibi, panda kwangu, mimi nina kioo, upepo haukugusi." Mwenzake akamcheka: "Kioo cha nini? Huyu ni bibi wa huku huku, baridi anaijua kuliko wewe." Wakaanza kutaniana pale, mimi nimesimama na kikapu changu. Mwishowe nikapanda ile yenye kioo. Kijana alinipeleka mpaka Lyamkena, akaongea njia nzima, nami sikumjibu hata neno moja. Aliponishusha akaniuliza kama ameniudhi. Nikamwambia hapana, mjukuu wangu, ni uzee tu.

Haukuwa uzee. Nilikuwa nimekumbuka kioo kingine, cha pikipiki ya baba, na kila nikikikumbuka kioo kile nakufa ganzi, kuanzia vidoleni mpaka ndani. Usidhani nalia. Sijawahi kulia kwa ajili yake. Nitakuhadithia kama ninavyoweza kukuhadithia habari za mvua.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa dresa, yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda na kuchoma sindano, katika hospitali moja ya Njombe. Nyumbani kwetu kulikuwa Lyamkena, ambako mama alilima na bibi mzaa baba alitawala. Siku za kazi baba alikaa Njombe kwa shangazi yangu, na kwa kuwa alitaka nisome huko, nilikaa naye. Jumamosi mchana tulirudi nyumbani, Jumatatu alfajiri tukaondoka tena. Wenzangu wote walikwenda shule kwa miguu. Mimi nilikwenda kwa pikipiki, na sitakudanganya, niliringa.

Pikipiki hiyo baba aliachiwa na Mzungu mmoja wa mashamba ya miti ya miwati, ambaye baba alimuuguza mguu kwa miezi mingi mpaka akapona na kurudi kwao Uingereza. Ilikuwa nyeusi, nzito, na ngurumo yake ilisikika kabla haijatokeza kilimani. Mbele ilikuwa na kioo kikubwa, si kile cha dirishani cha kuvunjika, bali kile kigumu kinachopinda kidogo, nacho kilikwisha kugeuka manjano kwa jua na mikwaruzo. Kilishikwa na nati nne. Mwaka uliotangulia baba alikuwa ameugua kichomi nusura afe, na daktari akamwambia wazi kwamba akitaka kuendelea na safari zile, kioo kisitoke, maana kifua chake hakitavumilia mara ya pili. Nyumbani sote tulilijua sharti hilo.

Jumatatu mama aliamka kungali giza, akachemsha viazi. Vingine tulikunywa navyo chai ya maziwa. Vingine, vya moto hasa, alinitilia kwenye mifuko miwili ya koti, nipashie mikono moto njiani na nivile nikifika. Baba alivaa makoti mawili na kupanga magazeti ya zamani kifuani, katikati ya makoti hayo. Mimi nilikaa nyuma, nimelaza shavu mgongoni kwake, nanusa dawa ya hospitali, mafuta ya pikipiki na moshi wa kuni za miwati ulioshika nguo zetu zote. Kandokando ya njia majani yalikuwa meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Viazi vilikuwa vimepoa hata hatujafika nusu ya safari.

Sasa lazima ujue salamu kwetu ilikuwaje. Mtu akikutana na wazee njiani hakupita tu. Mwenye baiskeli alishuka, akavua kofia, akasema "Kamwene," akaulizwa habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, za wagonjwa, naye akaziuliza zote upya. Ndipo apande aende zake. Baba alikuwa na baiskeli miaka mingi na alishuka kwa kila mtu. Alipopata pikipiki akaona kwamba akishuka kwa kila mtu kutoka Makambako mpaka Njombe, wagonjwa watamsubiri mpaka mchana. Kwa hiyo akajitungia njia yake. Akiwaona wazee alipunguza mwendo, akapiga honi mara moja, akainamisha kichwa na kusema kamwene yake kwa adabu kabisa, nyuma ya kioo. Yeye aliamini amesalimia.

Wao hawakuona kitu. Asubuhi kioo kile kililoa umande, vumbi likanata juu yake, na jua likichomoza kiling'aa tu. Honi nayo waliisikia kama ya mtu anayefukuza mbuzi barabarani. Maneno yakaanza kidogo kidogo, mtoni, sokoni, kwenye vilabu vya pombe ya ulanzi, kwamba dresa siku hizi amekuwa Mzungu. Jumapili moja jirani yetu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, akalitoa hadharani baada ya ibada, watu wamesimama nje wanaota jua. "Dresa akipita," alisema, "sisi kwenye kioo tunaona mawingu. Yeye hatumwoni. Tutajuaje kama ametusalimu au ametutukana?"

Watu wakacheka. Baba akacheka nao, lakini nilimwona anaizungusha kofia yake mikononi, anaizungusha tena na tena.

Bibi alizaliwa Ipelele, kule Makete, na kwa maelezo yake baridi yetu sisi ilikuwa joto lililopewa jina la baridi bure. Mchana ule, tukila ugali na njegere, hakungoja tumalize na kunawa mikono. "Mwanangu, kitoe hicho kioo. Kifua kina dawa, na dawa unazo mwenyewe. Watu wakikukataa utamchoma sindano nani?"

"Hapana, mama," baba alisema. "Daktari amenikataza."

Ikaishia hapo. Mama alishusha pumzi, akakusanya vyombo, akashika ndoo na kwenda mtoni. Bibi akaenda kujinyoosha kitandani.

Baba akatoka uani kukiosha kioo kwa maji ya sabuni, nami nikamfuata. Nilikuwa na langu moyoni. Asubuhi ile kanisani watoto wenzangu walikuwa wamenizunguka, wamejiziba nyuso kwa viganja, wanaambiana, "Baba yake yuko hivi. Hana uso." Niliona aibu mpaka nikashindwa kuimba.

"Baba," nilisema, "kitoe tu."

"Hata wewe?"

"Wanasema huna uso."

Hakukasirika. Aliweka kitambaa chini, akaingia ndani, akatoka na spana. Nati tatu zilitoka bila taabu, ya nne ikagoma, akanipa kioo nikishikilie kisianguke wakati anahangaika nayo. Nilikishika kwa mikono yote miwili. Nilifurahi, ndugu yangu. Nilifurahi sana.

Na wiki za kwanza kila mtu alifurahi. Wazee wakitokea, baba alivua kofia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika usukani, akapaza sauti, "Kamwene!" Nao wakaitikia kwa pamoja, na mmoja akapiga kelele nyuma yetu, "Leo tumemwona!" Wakaridhika hata bila yeye kushuka, maana uso ulikuwa wazi na sauti wameisikia. Lakini kofia haikupata nafasi ya kurudi kichwani. Kundi moja halijaisha, jingine linatokea. Jumamosi tulirudi na mahindi ya kuchoma, njegere, na mara moja jogoo aliyenidonoa njia nzima. Jirani yetu alikuja mwenyewe kumshika baba mkono. Mama peke yake hakucheka. Mara mbili nilimsikia akimwomba akirudishe kioo.

"Nikikirudisha sasa watasema nimewachoka," baba alimjibu. "Bora nisingekitoa kabisa."

Juni ikaingia na baridi yake. Tulipofika kwa shangazi baba alisimama mlangoni akinisubiri, kwa sababu vidole vyake havikuweza kufungua vifungo. Nilimfungulia koti la kwanza, nikatoa magazeti, nikamfungulia la pili. Mikono yake ilikuwa migumu kama mpini wa jembe. Shangazi alileta karai la maji ya uvuguvugu akaitumbukiza, na baba alisema hasikii kitu, hasikii kitu, mpaka ghafla akasikia na kuuma meno. Alijaribu kututania, lakini midomo haikumtii, maneno yakatoka kama ya mlevi, na hilo ndilo lililotuchekesha. Mimi sikuwa na baridi sana. Upepo wote ulikuwa umeishia kwake. Wakati ule sikuliwaza hilo.

Jumatatu moja ya Julai alianza kukohoa mikono ikiwa bado ndani ya karai. Jumatano alikuwa amelazwa kwenye wodi ile ile ambayo yeye mwenyewe aliihudumia, na wenzake wakimchoma sindano alizozoea kuwachoma wengine. Shangazi alinipeleka kumwona. Daktari alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, akauliza kwa Kiswahili chake cha shida, "Kioo iko wapi?" Mimi niliangalia sakafu. Baba aliniuliza kwa sauti ndogo kama nimeshalishika jedwali la saba. Nikamtajia yote, saba mara moja mpaka saba mara kumi na mbili. Akasema, "Vizuri." Ijumaa akafariki.

Tulimrudisha Lyamkena kwa lori. Sijui habari ziliwafikiaje watu, lakini njia nzima walikuwa wamesimama, kundi baada ya kundi, wanaume wamevua kofia kwenye baridi ile. Lori likipita walisema kamwene, taratibu, kama wanamsemesha mtu aliyelala. Nilikaa nyuma karibu na jeneza, nikawatazama. Nilijua natakiwa kulia. Sikuhisi kitu, wala baridi sikuihisi. Nyumbani nilikula sahani mbili za ugali, na wanawake wakatazamana.

Siku ya kumaliza matanga, wanawake wamekaa uani wanatayarisha chakula, mama alisimama mbele ya bibi. Hakupaza sauti. "Mchana ule alikataa," alisema. "Nilimsikia kwa masikio yangu akikataa. Nimerudi kutoka mtoni nimekuta kimetoka. Nani alimwambia tena?"

"Mimi," bibi alisema. "Nilimwambia mimi. Nyote mnajua nilimwambia."

Hakujitetea. Nadhani aliamini, maskini, kwamba maneno aliyoyasema wakati wa chakula yalimwingia mwanawe polepole alipobaki peke yake. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, namenya njegere. Niliendelea kumenya.

Tangu siku ile mama hakumsalimia bibi. Alimpikia, alimfulia, alimtekea maji ya kuoga, na alipougua miguu alimkanda jioni zote. Hakuna jirani aliyeweza kusema bibi ametupwa. Lakini salamu hakumpa. Asubuhi bibi alikaa kizingitini na blanketi lake mabegani, na mama akitokea na ndoo, bibi anasema, "Kamwene, mwanangu." Mama anapita. Kwetu mtu unaweza kumnyima chakula mkapatanishwa, lakini kumnyima salamu ilikuwa kumwambia kwamba humwoni. Bibi aliishi hivyo miaka mingi. Alikufa nikiwa nimekwisha kuwa mwalimu, na mama alimwosha maiti kwa mikono yake, kimya. Mama naye alifuata, baada ya muda mrefu.

Siku hizi njia ile ina lami. Watu wanapita na helmeti zilizofunika uso mzima, hakuna anayevua kitu, na sijasikia mtu akilalamika baada ya ibada. Wale wazee waliosimama kandokando wamezikwa wote. Nikiwaeleza wajukuu kwamba zamani mtu alishuka kwenye baiskeli ili aulizwe habari za mbuzi wake, wanacheka, nami nacheka nao, kwa kuwa kweli inachekesha. Miwati imekatwa ikapandwa mingine, nyumba yetu imeanguka, wameotesha viazi pale palipokuwa uani.

Mimi nafasi nilikuwa nayo, rafiki yangu. Nilikuwa nayo kila asubuhi niliyoamka pale nyumbani, maana sasa nilisoma shule ya karibu, mama anapita na ndoo, bibi amekaa kizingitini, mimi niko katikati yao na madaftari mkononi. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: Mama, nilimwambia mimi. Bibi anasema kamwene yake, mama haitikii, nami nikamwitikia bibi kwa niaba ya mama, nikaenda shule.