Nani Aling'oa Mnavu wa Bibi

Enzi zetu, sisi tuliolelewa London na mama waliokuwa zamu siku zote, muuaji alijulikana Jumapili jioni, na nyumba nzima ilimjua kwa pamoja. Runinga ilikuwa moja, nene, yenye mgongo uliokula nusu ya meza. Juu ya hita tulianika soksi za shule, sebule yote ikanuka sabuni. Filimbi ya kipindi cha upelelezi ikilia, unaona kanisa la mawe, vijumba vyenye waridi mlangoni, padri juu ya baiskeli, na kabla hujapuliza chai yako mara ya pili, mtu kashalala kifudifudi katikati ya maua. Ukienda msalani umemkosa maiti, na hakukuwa na kurudisha nyuma.

Wewe uliyekulia huku miaka hiyo najua unatabasamu. Unaikumbuka ile kastadi ya shuleni, ya manjano na nzito, iliyokuwa na ngozi juu. Unakumbuka chipsi zilizolowa siki ndani ya karatasi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi na bado hutaki kuvaa glavu kwa sababu utakosa kulamba chumvi. Tulicheza kati uwanjani na watoto wasiojua kati ni nini, tukawafundisha kwa kuwapiga na mpira. Na mama zetu walikuwa na misemo yao. Wangu alikuwa na miwili. "Funga mlango, gesi haichotwi kisimani." Na mwingine: "Ukiulizwa umekula nini, sema umeshiba."

Tuliishi Rayners Lane, juu ya duka la viungo, mimi na Mama tu. Mama alikuwa muuguzi. Nikitoka shule nilipelekwa kwa mwanamke mmoja aliyelea watoto kwa malipo, nyumba inanuka paka, nikala samaki wa mkate, vile vijiti vilivyoviringishwa kwenye chenga, kimya kimya mpaka Mama aje kunichukua nimeshasinzia na koti mwilini. Kisha, nilipokuwa na miaka tisa, Bibi akaja kutoka Wundanyi kwa viza ya miezi sita. Nyumba ikawa nyumba. Nilirudi kutoka shule nikakuta mtu, na kimanga cha muhogo na maharage mezani, na maswali.

Jumapili Bibi alikaa katikati ya kochi, leso magotini, akatazama mauaji kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Kiingereza chake kilikuwa "thank you" na "too much", basi mimi nilikuwa mkalimani.

"Huyu marehemu hana watu?" aliuliza. "Matanga yako wapi? Nani anapika? Mtu kafa asubuhi, jioni wanashindana kuoka keki!"

Mpelelezi hakuwa polisi wala nini, ni mjane tu wa kijijini, mwenye kofia ya sufu na umbea uliopitiliza. Bibi alimpenda na kumkosoa papo hapo. "Ana akili huyu. Lakini hana kuku wa kulisha?" Na kuhusu muuaji, Bibi alimshuku padri. Kila Jumapili, padri, na Bibi mwenyewe huko kwao ndiye mweka hazina wa akina mama wa kanisa. Kuna jioni padri kweli akawa ndiye. Bibi alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini runinga ilikuwa ya Jumapili, na wiki ina siku nyingine. Mchana Bibi aliteseka. Alisalimia watu barabarani, wakamtazama kana kwamba anawauzia kitu. Alikaa dirishani akihesabu magari mekundu. Mwisho akasema, "Mimi si mfungwa. Nibadilishieni tiketi." Mama aliingia bafuni, akafungulia maji ili nisimsikie akilia. Nilimsikia. Mimi nililia kitandani, kwa sababu nilijua Bibi akiondoka narudi kwenye paka na samaki wa mkate.

Ndipo Mama akakumbuka kishamba. Nyuma ya reli kulikuwa na vishamba vya kukodi vya halmashauri, kila mtu na kipande chake na kibanda cha mbao cha zana. Cha kwetu Mama alikuwa amekisubiri miaka, akakipata, akakosa muda wa kukilima. Kilikuwa magugu matupu. Bibi alipokiona alivua koti, akajifunga leso kiunoni, akasema, "Kumbe nchi hii ina udongo na mmenificha!"

Sijui niwaelezeje furaha ya majira yale. Kilikuwa kijiji kama vile vya kwenye runinga: waridi, ndege, vizee na kofia zao, birika za chai. Upande wa kushoto alilima Bwana Kanti, Mhindi aliyezaliwa Voi, baba yake alikuwa na duka huko. Alipomsikia Bibi akisema Kiswahili alidondosha ndoo. "Mama, wewe toka Taita? Mimi jua Wundanyi! Baridi mingi!" Alimpa jembe siku hiyo hiyo. Upande wa kulia alilima Ron, Mwingereza mstaafu ambaye Bibi alimwita Roni na jina likamganda. Roni hakuwa na maneno mengi, lakini asubuhi ukifika unakuta kakujazia pipa la maji, kakunyooshea uzio, kakuachia miche ya nyanya mlangoni. Mimi kila akiniona aliniuliza tumbo langu linaendeleaje. Nilijibu linaendelea vizuri. Nilidhani ndiyo adabu ya wazee wa Kiingereza.

Bibi alipanda maharage, maboga na sukuma. Lakini roho yake ilikuwa kwenye mnavu. Aliuona wiki ya kwanza, umejiotea wenyewe kando ya mapipa ya taka kama gugu, akapiga magoti pale pale. "Tazama! Wameuacha uote ovyo, kama hawana midomo!" Akaung'oa kwa upole, mche mmoja mmoja, akaupanda kwa mistari iliyonyooka katikati ya shamba, pahali pa heshima. Mboga ile ilipoanza kuiva jikoni kwetu, pamoja na ugali, Mama alifumba macho mezani akasema nusu ya uchovu wake umetoka. Neno tiketi halikusikika tena.

Kisha asubuhi moja ya likizo tukafika tukakuta mnavu hakuna. Mistari yote. Boga liko, sukuma iko, maharage yako kwenye miti yake, na pale katikati udongo mtupu, umesawazishwa vizuri.

Bibi alizunguka eneo la tukio mikono nyuma. "Mwizi huchuma majani," alisema. "Mbuzi hutafuna na kubakiza. Huyu kang'oa mpaka mizizi, halafu kafukia. Huyu ana jambo lake." Akamtazama Bwana Kanti aliyekuwa akinywesha vitunguu vyake bila habari. Nilijua hapo hapo kwamba amempata padri wake. Kwa siku kadhaa hakuitikia salamu ya Bwana Kanti, na yule mzee akawa anapita amejiinamia.

Bibi alipanda mnavu mwingine. Ukashika, ukanawiri. Ukang'olewa tena, safari hii mahali pake pakiwa pamepandwa saladi, ile miche laini ya majani ya kula mabichi, mistari imenyooka kuliko ya Bibi. Hapo Bibi aliketi chini. Sikuwahi kumwona ameketi shambani.

"Hawataki nilime," alisema. "Wananiambia kwa vitendo. Mwambie mama yako abadilishe tiketi."

Mama alibembeleza aliporudi kazini. Bibi alikuwa ameshashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Mwisho Mama akasema sawa, Jumatatu atampigia wakala wa ndege. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Sasa, mtoto aliyetafsiri mauaji Jumapili zote zile hawezi kukaa kimya. Nilimwambia Bibi kwamba yule mjane wa kofia ya sufu asingefunga sanduku; angetega mtego. Bibi akajifunga leso kiunoni. Jioni hiyo hiyo, jua la kiangazi likiwa bado juu, tukarudi shambani, tukahamisha miche ya mwisho iliyobaki kando ya mapipa, tukaipanda katikati kama chambo. Tulihitaji mahali pa kujificha, na kibanda pekee kilichotazama shamba letu vizuri kilikuwa cha Bwana Kanti. Bibi alikohoa, akaenda kumwambia ukweli wote, pamoja na kwamba alimshuku yeye.

Bwana Kanti alishika moyo. "Mama! Ile mboga chungu sana. Mimi taka iba, iba boga yako." Wakacheka wote wawili. Akatukabidhi ufunguo.

Jumamosi asubuhi tulijibana kibandani, sisi watatu, kati ya magunia ya mbolea, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Bwana Kanti alileta bajia. Bibi alimwambia atafune taratibu, ushahidi utakimbia. Nilikuwa nimejawa na raha na hofu kwa wakati mmoja, maana bila muuaji, Jumatatu ilikuwa inakuja.

Akaja Roni. Amevaa glavu ndefu za mpira mpaka kwenye viwiko na ameshika mfuko wa plastiki. Akachungulia huku na huku, akainama, akang'oa mche wa kwanza kwa vidole viwili, uso kaugeuzia pembeni.

Bibi alitoka na jembe.

Roni akawa mwekundu kuliko nyanya zake. Akanigeukia mimi. Mwambie bibi yako, alisema, anisamehe, lakini hiyo ni sumu. Watu wanakufa. Alisema tangu siku aliyomwona akiupanda kwa mistari hakulala vizuri. Alijipa moyo kwamba labda ni pambo, halafu akamwona akinilisha. Na majuzi, kwenye kile kipindi cha Jumapili, mjomba mmoja alikuwa ameuawa kwa matunda ya mmea kama huo ndani ya pai. Hakujua amwambieje mama mtu mzima asiyesikia lugha yake, bila kumwaibisha. Akaona heri auondoe kimya kimya na kumpandia saladi, asikose mboga.

Nilitafsiri yote, na katikati ya kutafsiri nikaelewa habari ya tumbo langu.

Bibi alianza kucheka. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Bwana Kanti alicheka mpaka bajia ikampalia. Kisha Bibi akanivuta mkono.

"Mwulize tena. Alikuwa anamwogopea nani?"

Niliuliza, ingawa nilijua. "Mimi, Bibi."

"Tangu lini?"

"Anasema tangu siku ya kwanza."

Bibi alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Na mimi nilidhani hakuna anayetuona," alisema. Akasimama, akamshika Roni mkono ule ule wenye glavu, akaniambia: "Twende. Mama yako asipige simu."

Jumapili aliwakusanya wote kishambani, kama inavyofanyika mwisho wa kipindi, washukiwa wote chumba kimoja. Kwenye miche iliyosalia alichuma majani matupu, tunda akaliacha, akachemsha, akamwaga maji, akakaanga kwa kitunguu, akamalizia na maziwa. Mimi nilieleza kwamba mmea wa kuua kweli ni mwingine, ndugu wa mbali wa mnavu. Bibi akala wa kwanza. Roni alimwangalia muda mrefu, saa mkononi, kisha akaona haya akachota. Alitafuna, akameza, akasema ni "interesting". Sisi wa huku tunajua maana ya hilo neno. Aliomba ugali zaidi, mnavu kidogo.

Bibi alikaa mpaka siku ya mwisho ya viza yake, na akarudi miaka mingine baadaye. Roni akawa anakuja kwetu Jumapili na biskuti. Kumbe vile vipindi alikuwa ameshaviona vyote na aliwajua wauaji wote. Hakusema neno. Alimwacha Bibi amshtaki padri kwa raha zake.

Leo niko Barking, London hii hii, ghorofa ya juu, nina watoto wawili. Wiki iliyopita nikawawekea kipindi cha namna hiyo, nikachemsha chai, nikakaa katikati yao. Maiti haijapoa, kijana wangu akainua kichwa kutoka kwenye simu: "It's the doctor, Mum." Ameshatafuta mtandaoni kwamba muuaji ni daktari! Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba hana adabu. Akaelewa, akacheka, akanijibu kwa Kiingereza. Hawa watoto wanajua kila kitu dakika tano kabla ya kutokea, na bado wanalalamika hakuna la kufanya. Wangewekwa wao kwenye kibanda cha Bwana Kanti, wangeuliza kama kuna Wi-Fi.

Sina ugomvi na siku hizi. Nyumba ni kavu, na zamu zangu si kama za Mama. Lakini jirani yangu namjua kupitia kamera ya kengele ya mlangoni, na siku hizi mtu akikuona unakula usichopaswa, atakupiga picha kwanza. Watoto wangu wanapendwa humu ndani, na mama yangu yuko vituo vichache kutoka hapa. Nje ya mlango huu, sijui kama kuna mtu mzima hata mmoja anayekosa usingizi kwa ajili yao. Mimi nilikuwa naye, na tulimvizia kwa jembe.