Sabina wa Vihatarishi na Jina la Mkwe

Wauguzi wenzake walimuaga Sabina kwa keki na soda kana kwamba anahama mji, na kumbe alikuwa anatoka wodi ya wanaume kwenda chumba cha pili baada ya stoo ya mashuka. Juu ya mlango wa chumba hicho palikuwa pameandikwa: Usimamizi wa Vihatarishi. Ilikuwa hospitali ya misheni, imejengwa juu ya mawe ya Ilemela, mahali ambapo ukifungua dirisha unaliona ziwa lote, na wengi wa waliofanya kazi humo walikuwa hawajawahi kusikia cheo cha namna hiyo. Aliyesumbuka zaidi ni mumewe Venant, fundi wa majokofu pale Mkuyuni.

“Nesi asiyechoma sindano ni nesi wa nini?” alimuuliza wakiwa mezani. “Watu wakiniuliza mke wangu siku hizi anafanya nini, niwajibu nini?”

“Waambie nazuia mambo yasitokee.”

“Na yasipotokea, watajuaje kama ulikuwa kazini?”

Sabina alicheka, akamwongezea mchuzi ili anyamaze. Lakini Venant alikuwa amegusa penyewe, maana kazi ile ukiifanya vizuri hakuna anayeiona.

Alikuwa ameisomea jioni baada ya zamu, macho mekundu kwa usingizi, na mtaji wake mkubwa haukuwa cheti bali miaka aliyotembea kati ya vitanda. Mtu wa ofisi huona wodi, yeye aliona kona ambako troli hukwama na nesi akageuza mgongo. Alizitia mikwaruzo ngazi za saruji zilizokuwa zikiangusha watu kila mvua ikinyesha. Mitungi ya oksijeni akaifunga mnyororo ukutani. Dawa mbili zilizofanana chupa na vifuniko akazitenganisha, kila moja kabati lake. Hakuna aliyemshukuru, na hilo halikumsumbua hata kidogo.

Kilichomuuma ni chai ya saa nne. Akiingia, mazungumzo yanakatika. Wale wale aliokesha nao, waliokuwa wakimwazima kandambili, sasa walimwita “afande” na kukumbuka ghafla kwamba kuna mgonjwa anawasubiri. Walidhani ofisi yake ni ya kukamata watu. Na tuseme ukweli, tumezoea hivyo: chungu kikivunjika hatuulizi kwa nini kiliwekwa njiani, tunauliza nani kakipiga teke, tukishampata tunaridhika, na chungu kingine tunakiweka pale pale.

Ndipo likatokea la mzee Luhende.

Mzee huyo, mfugaji wa huko Magu, aliletwa na mwanawe Pius akiwa na nimonia, homa imempanda, anaongea maneno ya kukatikakatika. Pius alirudi kuangalia ng'ombe, akamwacha mkewe Gladness amuuguze baba mkwe. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha mzee Chenge, mgonjwa wa sukari. Asubuhi moja mvua ya ziwani ilipiga dirisha lile mpaka godoro likalowa, wahudumu wakamhamishia mzee Chenge upande wa pili, wakakausha, na kwa kuwa mzee Luhende alikuwa anahangaika kwa joto, wakamsogeza yeye penye hewa. Kisha nesi Dorotea, asiyejua kwamba vitanda vimebadilishwa, akaja na sindano ya kushusha sukari, akamchoma mtu wa dirishani.

Baada ya muda mzee Luhende alianza kutoka jasho jembamba na kutetemeka, akawa hajui yuko wapi. Bahati njema Dorotea mwenyewe ndiye aliyepita akaona, akapiga kelele, mzee akatundikiwa maji ya sukari haraka. Mchana mzee alikuwa ameamka na anadai uji. Lakini Pius alikuwa ameshapigiwa simu, na alifika hospitalini amefura.

Mganga mfawidhi, Daktari Revocatus, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Alimwita Sabina ofisini kwake.

“Ijumaa tunakaa kikao na familia. Dorotea anasema aliuliza jina la mgonjwa akajibiwa. Mke wa Pius ukimuuliza anaangalia chini tu. Kwangu mimi hiyo ina maana kwamba Dorotea hakuuliza, na sasa anadanganya. Nitamwachisha kazi, na baraza la wauguzi litaamua kuhusu leseni yake.”

“Nipe nafasi nijue ilitokeaje, Daktari.”

“Ilitokeaje tunajua. Alimchoma asiyestahili.”

Sabina alitoka. Dorotea alilelewa naye kazini. Alikuja wodini msichana wa mikono inayotetemeka, Sabina akamfundisha kutafuta mshipa kwa kidole kabla ya jicho. Leo alikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa, na hakujua kazi nyingine duniani. Jioni hiyo Sabina alimfuata nyumbani kwake Mirongo, akamkuta anachambua mchele usiokuwa na jiwe hata moja.

“Umekuja kama dada au kama ofisi?” Dorotea aliuliza bila kumtazama.

Sabina alivuta kigoda. “Kama ofisi. Dada angekuja kulia na wewe, halafu Ijumaa ufukuzwe.”

Dorotea akauweka ungo chini.

“Nilimuuliza yule binti, ‘Mgonjwa wako anaitwa nani?’ Akainama. Nikajua ni mkamwana, kwao hawatamki jina la mkwe, na mimi mwenyewe ni wa huko huko, dada. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, ‘Basi nikutajie mimi. Ni mzee Chenge, siyo?’ Akapiga goti kidogo, macho chini. Nikaona ameniitikia.” Machozi yakamtoka. “Najua haturuhusiwi kumtajia mtu jina. Tunatakiwa alitaje mwenyewe. Ndiyo maana nikasema nilijibiwa tu. Nani angenielewa?”

Sabina alimwelewa mpaka kwenye mifupa. Baba mkwe wake yeye aliitwa Mabula, na katika ndoa yake yote jina hilo halijatoka kinywani mwake. Wodini akipata mgonjwa mwenye jina hilo alimwita “mzee wa mlangoni,” hata kama amelazwa katikati, na wenzake walimcheka. Kumbe miaka yote hiyo hatari ilikuwa pale pale ndani ya heshima yenyewe, na yeye, Sabina wa vihatarishi, alipita juu yake kila siku bila kuiona. Alijisikia vibaya sana.

Kesho yake alimkuta Gladness kwenye karo za ndugu wa wagonjwa, anasuuza shuka. Akashika upande wa pili wa shuka, wakakamua pamoja.

“Mwanangu, nesi alipotaja lile jina lisilo la baba, kwa nini hukusema siye?”

Gladness alikamua mpaka shuka likaacha kutoa tone. “Ningesema siye, angeniuliza basi ni nani.”

Akaendelea kwa sauti ya chini. “Baba alikuwa amelala pale pale, mama. Nimtaje mbele yake? Nikasema nesi ni mtu aliyesoma, anajua anachofanya. Pius akijua nilinyamaza baba yake akachomwa, atanirudisha kwetu. Nakuomba.”

Basi hapo ndipo Sabina alipokwama. Akisema yote kwenye kikao, Dorotea atapona na Gladness ataumia. Asiposema, ni kinyume chake. Usiku hakulala vizuri, na Venant, kwa mara ya kwanza, hakumtania kuhusu kazi yake.

Ijumaa asubuhi alikwenda kumjulia hali mzee Luhende. Alikuwa amekaa kitandani, analalamika juu ya mboga isiyo na chumvi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Wewe ndiwe unayeuliza uliza watu?”

“Ndiyo mimi, baba.”

“Mbona mimi hujaniuliza?”

Sabina alishikwa na aibu. Alikuwa amewauliza wote isipokuwa aliyechomwa.

“Nilikuwa nasikia,” mzee alisema. “Mwili ulikuwa mzito, mdomo haufunguki, lakini masikio yalikuwepo. Nilisikia nesi akinitaja Chenge. Nikasema moyoni, huyu mtoto atajibu nini sasa? Nimenyamaza siku zote hizi kwa sababu nikisema, mwanangu atamgeuzia mkewe hasira. Na huyu binti ndiye anayenifulia mashuka.”

“Leo wanamfukuza nesi, baba.”

Mzee alitazama nje, akatazama tena ndani. “Nipelekeni huko kwenye kikao.”

Walimpeleka kwa kiti cha magurudumu. Ofisini walikuwa Daktari Revocatus, Pius amekunja uso, Dorotea amekunja mikono, na Gladness kwenye kona. Sabina alisimama.

“Daktari, tumewafundisha wauguzi kwamba mgonjwa akiwa hajitambui, wamuulize anayemuuguza jina. Mikanda ya mkononi tumeomba, haijafika. Lakini nusu ya wanaouguza wazee hapa ni wakamwana, na wengi wao jina hilo hawawezi kulitamka. Tumeweka usalama wa mgonjwa kwenye neno ambalo mwenye kuulizwa amekatazwa kulisema. Dorotea alikosea, alimtajia jina, na kosa hilo alijibie. Ila ukimfukuza leo, shimo linabaki, na wiki ijayo atatumbukia mwingine.”

Daktari Revocatus, mtu wa mbali na huko, alivua miwani. “Sabina, ni jina tu. Mtu ashindwe kutaja jina na mgonjwa yuko hatarini?” Akamgeukia Gladness kwa upole. “Mama, hebu tutajie baba mkwe wako anaitwa nani.”

Gladness alisimama. Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena, shingo ikamsimama mishipa, machozi yakaanza kumtiririka, na mikono ikashika kanga kama anayeanguka. Pius aliyekuwa amekunja uso alimtazama mkewe, halafu akamtazama Dorotea, na taratibu akaelewa kilichotokea siku ile. Alitaka kusema kitu. Baba yake akanyanyua mkono.

“Usimguse kwa neno lolote. Tuliomfunga mdomo ni sisi.”

Daktari alirudisha miwani usoni. “Nesi Dorotea atapewa onyo, na atarudi wodini,” alisema mwishowe. Dorotea alijifunika uso kwa viganja. Sabina alishusha pumzi, akatafuta kiti.

“Bado,” mzee Luhende akasema.

Wote wakamgeukia.

“Sijapona mimi. Nikilala tena nikaweweseka, atakuja nesi mwingine na sindano nyingine, atamuuliza huyu huyu.” Alimpungia Gladness asogee, naye akaja akapiga goti mbele ya kiti cha magurudumu, uso ukiwa chini. Mzee aliweka kiganja juu ya kichwa chake. “Mwanangu, mwenye jina ni mimi, na mimi nimekupa. Niite.”

Gladness akatikisa kichwa.

“Niite, nisikie.”

Nje ndege ilikuwa inashuka kuelekea uwanjani, wakasubiri mpaka mlio ukaisha. Kisha kwa sauti iliyopasuka, akiwa bado hajainua macho, Gladness akasema, “Luhende.”

“Naam,” mzee akaitika.