Mama Fumua na Sungura wa Soksi Moja

Mtaani kwetu hakuna anayemwita mama mkwe wangu kwa jina lake. Wateja, watoto wa shule, hata kinyozi wa ng'ambo ya barabara ambaye hajawahi kumletea hata suruali ya kupunguza, wote wanamwita Mama Fumua. Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Chumba cha mbele cha nyumba yake ni duka la ushonaji tangu mume wangu akiwa mchanga, na duka hilo lina sheria moja: hakuna anayejikagua. Ukimaliza kushona unampa mwenzako. Anaigeuza nguo ndani nje, anapitisha kidole gumba juu ya mshono, kisha anasema neno moja kati ya mawili. Akisema "inatoka," nguo inakwenda kupigwa pasi. Akisema "fumua," wewe uliyeshona unachukua wembe na kuanza upya bila kununa. Ni wewe, si mwingine. Kufumua mshono wa mwenzako kulikuwa ni kama kutia mkono kwenye sahani yake. Na mama naye alikaguliwa kama sisi. Mshono uliopinda, alisema, hautoki mlangoni.

Mimi naijua sheria hiyo kuliko wengi. Nilipoolewa tu, aliniweka kwenye pindo la sketi ya shule. Nikashona, akasema fumua. Nikashona tena, fumua. Mpaka kitambaa kikawa na matundu kama chujio la chai, ndipo akanitazama kwa upole na kuniambia kwamba pasi iko kule. Tangu hapo mimi ni mtu wa pasi. Mume wangu anauza rangi za nyumba na hajui hata kutia uzi kwenye sindano, lakini yeye hakuna aliyemwambia kitu. Fundi wa nyumba ile baada ya mama ni wifi yangu. Mkono wake umenyooka kama rula. Sisemi kwa wivu. Basi, nasema kwa wivu kidogo, lakini ni kweli.

Kisha mama akapata kiharusi. Kilimkuta amesimama kwenye meza ya kukatia, chaki mkononi. Alipotoka hospitali mdomo ulikuwa umesharudi, jambo ambalo halikumshangaza mtu, na mguu ukafuata polepole. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa mapajani mwake kama mgeni aliyekuja kukaa na hataki kusaidia kuosha vyombo.

Watu walikuja kumpa pole. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema ndiyo dunia, kidole kimoja hakivunji chawa. Mama akamjibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kisha akamwomba asogee kidogo kwa sababu alikuwa amekalia kitambaa cha mteja. Kliniki wakampa mpira wa kubinya. Akaubinya siku mbili tatu, akauliza mpira ukishabinywa sana unakuwa nini. Akaambiwa hauwi kitu, unabaki mpira. Akaurudisha kwenye mfuko wake.

Siku moja kikaja kiti. Mume wangu na wifi walichanga wakanunua kiti kikubwa cha sponji, chenye mikono minene, wakakiweka chumba cha nyuma mbele ya televisheni. Mama, walisema, umefanya kazi vya kutosha, sasa pumzika. Kilikuwa kiti kizuri na mama alikichukia tangu kilipovuka kizingiti. Yeye alikuwa na kiti chake cha mbao pale dukani, kando ya dirisha la barabarani, kimechongeka kwa kukaliwa, na kutoka hapo alimwona kila anayepita na kila anayepita alimwona. Hakuhama.

Ukweli ni kwamba hawakutaka apumzike tu. Wifi aliniambia mwenyewe nikiwa kwenye pasi: mteja akimwona mama pale dirishani na mkono ule, anaogopa kuacha kitambaa chake, anadhani bado ndiye anayekata. Wakakubaliana na kaka yake. Oda ya harusi iliyokuwa mezani ikishachukuliwa, kiti cha mbao kitaondolewa, na mahali pake itasimama sanamu ya kuvalishia magauni. Sanamu ilikuwa imeshanunuliwa, ipo stoo, imefunikwa shuka. Hawakuwa na roho mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi, maana mwenye roho mbaya unaweza kumjibu. Mama aliyasikia yote, kuta zetu si nene. Akanyamaza, nao wakafurahi kwamba ameelewa.

Wakati huohuo mwalimu wa mwanangu wa chekechea akatuma karatasi. Kila mzazi amsaidie mtoto kutengeneza kitu kizuri kwa mikono, kwa vitu vilivyobaki nyumbani: ua la vifungo, kikapu cha karatasi, sungura wa soksi. Juu iliandikwa ni kazi rahisi kwa wanaoanza. Nikachagua sungura kwa sababu mbele yake waliandika "rahisi sana." Nikakaa sakafuni dukani na soksi ya mume wangu, nikakata, nikajaza, nikashona, nikajidunga. Nilipomaliza mwanangu akakitazama kile kitu, akaniuliza kama ni kiazi.

Mama akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mara ya kwanza tangu hospitali. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua ile karatasi na kuisoma hadi mwisho, midomo ikitembea. Akaniuliza kama kuna soksi nyingine. Nikamwambia mama, hayo ni mambo ya watoto, yameandikwa kwa wanaoanza.

"Na mimi ndiyo naanza," akasema.

Soksi zisizo na wenzake nyumbani kwetu hazihesabiki. Mume wangu hupoteza soksi kama wengine wanavyopoteza kalamu. Mama akachagua moja ya kijivu yenye kisigino chekundu, akaanza. Yule aliyekuwa akikata gauni la harusi bila kupima mara mbili, sasa hakuweza kukata soksi. Mkasi wetu ni wa mkono wa kulia, kwa kushoto ulitafuna kitambaa bila kukikata. Akaweka pasi baridi juu ya soksi isiteleze, akakata kwa wembe. Sindano akaichomeka wima kwenye kipande cha sabuni, kisha akautia uzi kwa mkono mmoja, akikosa, akilamba uzi, akikosa tena. Nilipoinuka kumsaidia alinitazama kwa jicho ambalo lilinirudisha chini.

Akaijaza soksi vipande vya vitambaa. Akazungusha uzi shingoni, ncha moja kwenye meno, akavuta, kikawepo kichwa, kisha akaizungushia shingo mshono isiachie. Sehemu ya juu ya soksi akaipasua katikati yakawa masikio, akayashona. Ilibaki mkia. Karatasi ilisema uzungushe uzi wa sufu kwenye vidole vya mkono mmoja mara nyingi, uuvue, uufunge katikati na kuukata pembeni uwe kama mpira wa manyoya. Mama akaisoma sehemu hiyo mara mbili. Akaunyanyua ule mkono wa kulia, akaulaza mezani, na kuanza kuzungusha uzi kwenye vile vidole vilivyolala. Mkono ulitulia vizuri kuliko mkono wowote mzima. Nilijifanya natafuta kitu chini ya meza ya pasi, kwa sababu nilikuwa nalia.

Sungura hakuwa mzuri. Afadhali niseme. Sikio moja lilisimama, la pili lilimwangukia jichoni. Macho yalikuwa vifungo, kimoja cha shati la shule na kimoja cha koti, kwa hiyo alikuangalia kama mtu asiyeamini unachomwambia. Mshono wa shingo ulikwenda kama nyayo za kuku. Mama akamweka dirishani, pale pale lilipokuwa likitundikwa gauni bora la mwezi, akarudi kwenye kiti chake cha mbao.

Wifi akamwomba amtoe. Akakataa. Wifi akamwomba amsogeze tu ndani kidogo. Akakataa. Akaja mwenye oda, mama wa bibi harusi, kupima gauni lake mwenyewe, akamwona yule sungura na kuuliza kwa kicheko cha adabu fundi wake ni nani. Wifi, pini zikiwa mdomoni, akasema ni kazi ya mtoto. Mama alikuwa amekaa hapo hapo, hatua mbili tu. Mimi niliipiga ile pasi mezani mpaka mteja akashtuka.

Siku ya kliniki nilimsindikiza. Tuliporudi, mama wa bibi harusi alikuwa amesimama katikati ya duka ndani ya gauni lake, na wifi amepiga magoti akiangalia pindo. Lilikuwa limekaa vizuri, haki ya mtu mpe. Mama akasalimia, akaelekea kwenye kiti chake, na kabla hajafika akasimama.

Sungura alikuwa dirishani, lakini masikio yote yalisimama. Macho yalikuwa vifungo viwili pacha. Shingoni mshono ulipita mwembamba, umenyooka, mzuri ajabu. Ungeweza kumuuza.

Mama akamchukua, akapitisha kidole gumba shingoni, taratibu, kama anavyokagua. Akauliza ni nani aliyemfumua. Wifi akainuka na kusema ni yeye, amemnyoosha tu kidogo, watu wanapita, watu wanaona. Akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba mshono uliopinda hautoki mlangoni.

"Sheria ni yako, mama," akasema.

"Ni yangu," mama akasema. "Nilikupa umkague?"

Wifi akaanza kuokota pini sakafuni.

"Tangu lini katika nyumba hii mtu anafumua asichoshona?"

Mkuki kwa nguruwe, nilitaka kusema, lakini kwa mara moja maishani nilifunga mdomo. Mama wa bibi harusi akaanza kusema kwamba anaweza kurudi kesho. Mama akamwomba asiondoke. Akamwambia gauni lake limeshonwa na wifi, binti yake yeye mama, na kwamba mkono wa binti huyo sasa umeushinda ule aliokuwa nao yeye, asiwe na hofu nalo. Kisha akamwonyesha sungura.

"Lakini huyu si kazi ya mtoto," akasema. "Ni kazi yangu. Nimemshona kwa mkono huu, na ndiyo kazi yangu ya kwanza."

Akamgeukia wifi, akampa sungura na wembe.

"Fumua."

"Mama, imenyooka."

"Naona. Fumua."

Sijawahi kuona mtu akifumua polepole vile. Mshono bora mtaani ulitoka uzi kwa uzi, na wifi hakuinua uso mpaka vipande vikalala mezani: soksi, vitambaa vya ndani, vifungo, mkia. Mama akakaa kwenye kiti cha mbao. Akaomba sabuni, nikampa. Akachomeka sindano, akatia uzi, akakosa, akalamba, akapata. Akaanza kushona mbele yetu wote, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Mama wa bibi harusi akajikunja akaketi kwenye kigoda ndani ya gauni lake lote, akatazama. Kinyozi akavuka barabara na kuegemea mlango, kitana sikioni. Mama hakuharakisha. Alitaka waone, na mkono wa kulia aliuweka juu ya meza, si chini yake.

Sikio likaanguka kama zamani, na kuku wakapita tena shingoni. Alipokata uzi kwa meno, mama akamnyooshea wifi yule sungura.

"Kagua."

Wifi akarudisha mikono nyuma. Akasema mama, tafadhali, mbele ya watu.

"Mbele ya watu ndiyo. Ukisema fumua, nitafumua mwenyewe, nishone tena. Kesho tena. Na nitashonea hapa, kwenye kiti hiki. Kule nyuma siendi, si mwezi huu wala mwezi ujao. Haya, kagua."

Wifi akampokea. Akamgeuza, akapitisha kidole gumba juu ya shingo, kidole kikipanda na kushuka kila palipopinda. Alikawia. Nilijua anachofanya, kwa sababu nimemwona akikifanya kila siku: alikuwa anatafuta kama mshono umekaza, kama hautaachia. Akavuta sikio. Halikuachia. Akavuta mkia, akaugusa kidogo kwa kidole, na nadhani hapo akaelewa ulizungushiwa wapi. Machozi yakamshuka na hakuyafuta.

"Inatoka," akasema.

Mama hakumshukuru. Nyumbani kwetu mtu hashukuriwi kwa kukagua. Alimrudisha sungura dirishani, uso ukiangalia barabara, akaniambia nilete soksi nyingine mbili, moja yake na moja yangu, maana hakuridhika na kile kiazi.

Kiti cha mbao kiko pale pale. Sanamu nayo imepata mahali: mama aliamuru ipelekwe chumba cha nyuma, na sasa inapumzika kwenye kiti cha sponji mbele ya televisheni, na haijalalamika.