Mama Mkuu na Viwanja Viwili vya Mzee Lazaro

Baba yangu aliwahi kununua beberu kijijini Kagunga, na beberu yule akakataa kupanda boti. Tulikuwa tumetoka kwetu Mwamgongo, baba, mama na mimi, na boti ya kurudi ilishaanza kuunguruma. Wakamsukuma, akagoma. Wakambeba, akaruka majini. Baba akasema, "Tangulieni, mimi nitamswaga kwa miguu." Sisi tukafika, mama akapika, tukala, tukalala. Baba alitokea kesho yake mchana, mnyama mbele, yeye nyuma, hana haraka. Mama akamuuliza kama beberu alimsumbua. Akasema hapana, beberu alitembea vizuri sana, waliomchelewesha ni watu. Kwetu sisi Waha salamu haiishi kwa neno moja. Unapiga makofi polepole, unauliza mzee, unauliza watoto, unauliza mashamba, na penye msiba unakaa kidogo. Mama wala hakugomba.

Nalitaja hili ili kijana unayesoma uelewe kazi niliyoifanya ukubwani. Ilikuwa kazi ya ndege, lakini nusu yake ilikuwa salamu.

Shule niliishia darasa la tatu. Nilikuwa napakia mizigo bandarini Kigoma wakati wakimbizi walipokuwa wakiingia kwa wingi kutoka Burundi na ng'ambo ya ziwa. Ikaja ofisi ya kuwasafirisha wale waliopokelewa nchi za mbali, ikajenga banda Katubuka, karibu na uwanja wa ndege. Siku ya kwanza nilikwenda na shati la kuazima. Mkuu wa Safari alikuwa mwanamke, mwenyeji wa Lushoto, mfupi, hapandishi sauti. Wote tulimwita Mama Mkuu.

"Kiha unakijua?" akaniuliza.

"Ndicho nilichonyonya, Mama."

"Na Kirundi?"

"Hicho ni ndugu yake. Tunaelewana."

"Basi mizigo utabeba, lakini mshahara nakulipa kwa mdomo wako."

Kigoma hapakuwa na ndege ya kwenda Ulaya wala Kanada. Ndege ndogo ya kukodi inakutoa hapa, inakupeleka kiwanja kikubwa, na pale unapanda nyingine. Huko ndiko kuunganisha. Sisi tulikuwa na njia mbili, Dar es Salaam na Nairobi. Kwa ratiba zetu za wakati ule, Dar muda ulikuwa mfupi: unashuka, unahamia jengo jingine, unapanda. Nairobi unakaa ukumbini mchana kutwa. Mwenye kupanga alikuwa Afisa wa Ratiba, kijana wa Moshi, msomi, mcheshi, na alipenda Dar kwa sababu abiria anafika upesi.

Mama Mkuu hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Alichora kiwanja kizima kwa chaki kwenye sakafu ya banda: hapa ngazi, hapa pa kukaguliwa mifuko, hapa mlango wa kupandia. Kisha abiria wote, na watoto wao mgongoni, wanatembea juu ya ile chaki, naye yuko nao, anawashika mkono. Nimewaona mabosi wengi. Aliyevua viatu ili asifute chaki na kutembea na bibi wa watu mpaka bibi akaacha kuogopa, nimemwona huyo mmoja tu.

Lakini familia moja ilikosa ndege Dar, na chaki yote waliijua. Bibi yao alikutana njiani na mtu wa mlima wao. Burundi mtu anajulikana kwa mlima aliozaliwa. Huwezi kumpita mtu wa mlima wako uliyedhani alikufa vitani. Wakasalimiana, wakaulizana wafu mmoja mmoja, ndege ikaondoka. Wakarudishwa Kigoma, vyeti vyao vya afya vikaisha muda, wakaanza foleni upya. Afisa wa Ratiba alikasirika, akasema ni uzembe. Mama Mkuu akamwambia, "Si uzembe, Bwana Ratiba. Ni adabu. Sisi ndio hatukuihesabu."

Ndipo akaja Mzee Lazaro. Mrundi, mjane, mrefu, kifua kibovu. Vitani alibakiwa na binti mmoja tu, na huyo binti alikuwa Kanada akimngoja. Daktari alitueleza wazi kwamba cheti chake cha afya amekipata kwa shida, na kikiisha muda hadhani kama kifua kile kitapita tena. Akikosa ndege, ndiyo basi, hatamwona mwanawe.

Afisa wa Ratiba akasema, "Mgonjwa apite njia fupi. Dar. Nairobi utamkalisha mzee wa watu kwenye kiti kutwa nzima, kwa kosa gani?"

Mama Mkuu akainuka. Akaniita, "Mwambie Mzee tutembee naye kidogo mpaka sokoni, anyooshe miguu."

Tukatoka watatu. Jamani. Mzee Lazaro alimsalimia muuza mkaa, akawasalimia wanawake wa dagaa, akamsalimia fundi baiskeli, akarudi nyuma kumsalimia mke wa fundi baiskeli kwa kuwa hakumwona mwanzo. "Amahoro," na mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Soko hatukuliona.

Mama Mkuu akasimama kivulini, anacheka peke yake. Akanitazama. "Mwulize, angekuwa anakimbilia ndege, angewapita hawa?"

Nikamwuliza. Mzee akashangaa. "Niwapite, wamenikosea nini?"

Tuliporudi Afisa wa Ratiba akauliza, "Haya, Mama, mzee ana mwendo?"

"Anao. Mpe Nairobi."

"Atachoka kukaa."

Nikamtafsiria Mzee. Akasema, "Mwambie kijana nimekaa kambini mpaka mvi zimeota kambini. Leo ndiyo ananionea huruma kwa kiti?"

Afisa akacheka mpaka akafuta macho, akaandika Nairobi.

Siku ya safari kulinyesha. Uwanja wetu ulikuwa wa changarawe, na ndege ndogo ikazunguka juu mpaka maji yapungue. Mama Mkuu alisimama mvuani kanga kichwani. Kwa kuchelewa kule, mtu wa Dar asingeunganisha hata akimbie. Mzee Lazaro akapanda, nikamfunga mkanda mwenyewe.

Mimi nimeshastaafu, nalima mihogo. Vijana siku hizi wanachagua kiwanja kwa simu, wanatazama nauli na masaa, na wanafika salama, siwalaumu. Ila nawaambia, nilifanya kazi na mtu ambaye kabla hajachagua kiwanja alimtazama kwanza atakayekipita. Alihamishwa baadaye, na ile chaki hatukuifuta mpaka ilipojifuta yenyewe.

Ya Nairobi tulielezwa na mpokeaji wetu wa kule, kwa simu, Mama Mkuu amekishika chombo na sisi tumemzunguka. Mpokeaji haruhusiwi kuvuka mlango wa ndani, alikuwa anatazama kwenye kioo. Alisema mzee wenu amesalimia ukumbi mzima, wazungu kwa wahindi, na mama mmoja wa kufagia amemshika mkono kwa muda mrefu. Kisha mlango wa kupandia ukabadilishwa, wakatangaza kwa Kiingereza, watu wakainuka wakaondoka. Mzee amekaa tu, anatabasamu. Mpokeaji akagonga kioo, hasikiki. Yule mama wa kufagia akaegemeza ufagio ukutani, akaja, akatazama tiketi yake, akamwongoza hadi mlango mpya. Mzee akampa mikono yote miwili, wakaagana kwa utaratibu wote, na mhudumu wa mlango anawangoja.

Halafu akaingia kwenye njia ya kwendea ndege. Mpokeaji alisubiri ageuke ampungie. Hakugeuka. Alikwenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa ile njia, akakata kona, na huku kwetu hajaonekana tena.